Mkanda wa Ma Kokugonza

Kwenye kona ya tatu ya mlima wa Kashura, mtu akanifungia koki tena.

Nasema mtu. Mume wangu Muganyizi anasema ni uchovu. Daktari Mwesiga wa Kituo cha Mishipa anasema ni wasiwasi wa baada ya upasuaji. Mimi ni fundi bomba, huu mwaka wa ishirini na mbili, na tofauti ya bomba lililoziba na bomba lililofungwa naijua hata nikifumba macho. Lililoziba linapunguza maji kidogo kidogo. Lililofungwa linakata. Nilikuwa nakanyaga pedali vizuri, pumzi ninayo, moyo haulalamiki, mara miguu yote miwili ikaisha nguvu kwa pamoja na baridi ikashuka kutoka mapajani hadi vidoleni. Nikaruka chini kabla baiskeli haijaniangusha, nikakaa ukingoni mwa mtaro, nikatukana kwa sauti. Mzee mmoja aliyekuwa anaswaga mbuzi wake akasimama.

"Mama, unamtukana nani?"

"Bado namtafuta," nikamjibu.

Dakika nne. Kila mara ni dakika nne, kisha damu inarudi na miguu inawaka kama imepakwa pilipili. Uchovu gani huo unaotazama saa?

Miezi saba nyuma, mshipa wangu mkuu, ule unaoshuka tumboni kupeleka damu miguuni, ulivimba kama tyubu ya baiskeli inayotafuta pa kupasukia. Kituo wakakata kipande kibovu, wakashona kipya walichokiotesha kwa chembe za mwili wangu mwenyewe. Ni kipande hai. Kinabana na kulegea chenyewe kadiri mwili unavyohitaji, na kina masikio: Kituo wanaweza kukibana kutoka ofisini kwao, kwa dharura tu, walivyotuambia. Mdhamini wa mgonjwa naye anaweza, kwa kubonyeza simu yake. Mdhamini wangu ni Muganyizi.

Na zilibaki siku kumi na tisa kufika triathloni ya Ziwa. Kuogelea kilomita nne, baiskeli mia moja na themanini, kukimbia arobaini na mbili. Nimeimaliza mara tisa. Niliitaka ya kumi kwa mwili huu ulioshonwa, nijue kama bado ni mimi. Bila cheti cha Kituo, hata kulowesha kidole huruhusiwi, zile droni za majini zinakusukuma ufukweni kama gogo. Na kupimwa kwa ajili ya cheti kulikuwa Ijumaa, siku tatu tu mbele.

Nikaisukuma baiskeli hadi juu kwa miguu. Kwangu mimi, hiyo ni aibu.

*

Sasa niseme na langu, maana nimeanza na ya wenzangu.

Kila aliyepandikizwa mshipa hai anavaa mkanda kifuani mwaka mzima. Hakuna kipimo cha mapigo kinachodumu ndani ya damu, kinaota utando kama bomba la kisima, ndiyo maana wakaweka sikio nje. Mkanda unahesabu mapigo na kuyapeleka Kituo. Mimi niliambiwa nipumzike: mapigo yasizidi mia moja na kumi, miezi saba. Miezi saba! Nitarudi kwenye mashindano nikiwa mkate uliolowa chai.

Kitanda cha jirani wodini alikuwa Ma Kokugonza, mwalimu mstaafu, miaka sitini na nane, upasuaji uleule, wiki ileile. Yeye aliambiwa kinyume. Mshipa wake uliotaka kulala ulihitaji kuamshwa, kwa hiyo atembee, apande ngazi, atoe jasho kila siku, la sivyo watamrudisha wodini. Na Ma Kokugonza jasho halitaki. Anachotaka ni kiti chake barazani, redio, na buni zake za kahawa za kutafuna.

Aliyeanza kusema ni yeye. Tulikuwa tunavaa nguo siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

"Advera mwanangu, hivi hii mikanda si ni mapacha?"

Nikacheka. Hakucheka. Nikaangalia mikanda: rangi ileile ya kijivu, kifungo kilekile, tofauti ni namba ndogo kwa ndani. Sisi wa triathloni hatushangai hayo. Kilabuni kwetu, mtu akiwa na harusi anampa mwenzake saa yake ya mkononi akamkimbilie kilomita zake, kocha asijue. Tunaita kubebeana. Nikasema, "Ma, mimi nitakubebea mlima, wewe nibebee usingizi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi sita. Yeye anakaa barazani na mkanda wangu, Kituo wanasema Advera ametulia, safi sana. Mimi napanda Kashura na mkanda wake, Kituo wanampigia simu kumpongeza bibi wa watu. Siku ya kliniki ikifika tunarudishiana, tukitoka tunabadilishana tena. Sikuona nani anaumia. Mkanda si unapeleka tu taarifa? Hivyo ndivyo nilivyodhani.

*

Siku hiyo ya Jumanne nilimkuta Muganyizi kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Sikumsalimia.

"Lete simu yako."

"Ya nini?"

"Muganyizi, lete simu."

Akasimamisha cherehani. Nilikuwa nimemfuatilia kwa wiki mbili, na sioni haya kusema. Nikitoka na baiskeli anaangalia saa. Nikirudi anaangalia miguu yangu kabla ya uso. Usiku mmoja nilimwona ameshika simu, ukurasa wa Kituo uko wazi, kidole kimesimama hewani. Nilipogeuka akaizima haraka kama mtu aliyefumwa.

"Ni wewe unayenibana," nikasema. "Unaogopa nitakufa njiani, basi unanifunga kama mbuzi. Sema tu. Nitakusamehe, lakini sema."

Akafungua simu, akatafuta ukurasa, akaiweka juu ya kitambaa mbele yangu. Juu kabisa paliandikwa: *Maombi ya mdhamini: 0.*

"Sifuri," akasema. "Miezi saba hicho kitufe kipo mfukoni mwangu. Siku uliyokwenda Muhutwe ukachelewa kwa saa tatu, nilikifungua mara kumi. Nilitamani, Advera. Wallahi nilitamani. Sikubonyeza, kwa sababu ulishaniambia ukifungwa na mtu bora ufe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe unaniita mfungaji."

Nilijisikia vibaya, tena vibaya sana. Lakini mimi nikishaanza kufukua bomba siachi shimo wazi, na macho yangu yalikuwa yameshashuka chini ya ile sifuri. Pale palikuwa na orodha ya kila mara mshipa wangu ulipobana. Mara arobaini na moja. Nikaitafuta siku ya leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kona ya tatu. Ipo. Mbele yake: *Chanzo: mafunzo ya mkanda.* Juu yake, hivyohivyo. Zote arobaini na moja, hivyohivyo.

"Mafunzo ya mkanda ndiyo nini?" Muganyizi akauliza.

Mimi nikakumbuka Hamugembe.

Kuna mwaka tulifunga vipima presha vya nyumba mbili kule Hamugembe, moja mlimani, moja bondeni. Fundi mwenzangu akavichanganya. Pampu ikawa inasoma nyumba ya juu ikidhani ni ya chini. Ya juu ikakosa maji, watu wakatutukana wiki nzima. Lakini waliotutukana hawakuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa bondeni, kwa watu waliofurahia maji yenye nguvu na hawakulalamika hata siku moja, mpaka bomba lilipopasuka ukutani na kuangusha chumba.

Nikaketi juu ya rundo la sare.

Nikavuta simu, nikabonyeza yale maneno, maelezo yakafunguka: mkanda haupeleki taarifa tu. Mkanda unafundisha. Kila alfajiri Kituo wanachukua mapigo ya jana na kuuambia mshipa: mwenye wewe anaishi hivi, jizoeze kuishi hivi. Wangu ulifundishwa na bibi anayetafuna kahawa, ndiyo maana kila nikiomba damu ya mlimani unashtuka na kufunga. Hakuna aliyenihujumu. Nilimshuku mume, daktari, Kituo kizima, kumbe mwizi nalala naye ndani ya ngozi moja.

Na mshipa wa Ma Kokugonza ulifundishwa na mimi.

*

Alhamisi ilikuwa siku yetu ya kurudishiana mikanda kwa ajili ya kliniki yangu ya kesho. Nilimkuta Ma Kokugonza nyuma ya nyumba, juu ya ngazi, anakata majani makavu ya migomba yake mwenyewe. Miezi saba iliyopita mwanamke huyu alikuwa anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo.

"Shikamoo Ma. Shuka."

"Marahaba. Nishuke nini, bado mitatu." Panga likaenda, jani likaanguka. "Uliona wapi bibi wa miaka sitini na nane yuko juu? Jumapili ni jubilei ya mdogo wangu, nitacheza mpaka vijana wakae. Wale wa kwaya wananiuliza nakula nini!"

"Ma, shuka tuongee."

Akashuka kwa sababu ya sauti yangu. Alipofika chini akajishika kiuno, akafumba macho kidogo.

"Nini hicho?"

"Mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Unataka nini, wewe?"

Nikamweleza. Nilimweleza vipima presha vya Hamugembe, orodha, mafunzo ya mkanda, yote. Mshipa wake mpya umefundishwa kuwa mpana na laini kama wa mtu anayepanda Kashura kila siku, lakini huku juu na huku chini umeshonewa kwenye mshipa wake wa zamani, wa miaka sitini na nane, mgumu kama mpira wa zamani uliokauka. Pale kwenye mshono ndipo bomba hupasukia. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyechelewa shule.

"Umesoma udaktari lini?"

"Ma, nataka niseme kesho Kituo."

"Hapana." Alisema hivyo mara moja, bila hasira. "Nisikilize. Mimi nimeishi miaka sita kwenye kile kiti. Unadhani nilikuwa napenda redio? Nilikuwa naogopa kusimama. Sasa nasimama. Ukisema, watanilaza, watanibana, watanirudisha kwenye kiti nikafie pale nikiwa salama. Mimi sitaki kufa salama."

"Na ukipasuka Jumapili mbele ya wajukuu?"

"Ni mshono wangu."

"Ni mapigo yangu, Ma."

Akavua mkanda wangu chini ya blauzi, akanipa ukiwa bado na joto lake. Nikampa wake. Kisha akanishika mkono, akauminya.

"Na wewe utapoteza," akasema taratibu. "Watakunyang'anya hicho cheti. Umefikiria? Huna lazima ya kusema. Kesho nenda, kaa kimya, chukua cheti chako. Usinirudishie tena mkanda, kama roho inakusuta. Kila mtu avae wake, yaishe."

Nilitembea hadi nyumbani na baiskeli mkononi. Lilikuwa neno zuri mno, lile la yaishe. Nililigeuzageuza njia nzima nikitafuta kosa lake, na ukweli ni kwamba nilikuwa naomba nisilipate.

*

Daktari Mwesiga ana tabia ya kutazama kioo cha kompyuta wakati anakusifu. Nimemshuku tangu siku ya kwanza kwa ajili hiyo.

"Dada Advera, wewe ni mgonjwa wa mfano. Mapigo yametulia miezi sita mfululizo. Ningekuwa na kumi kama wewe!" Akageuza kioo nione. Chati ilikuwa bapa kama sakafu, ila mawimbi madogo ya siku za karibuni, yote chini ya mia moja na kumi. Niliangalia maisha ya barazani ya Ma Kokugonza, asubuhi hadi jioni, kahawa na redio. "Mshipa umebana kiasi, na hilo ni kawaida kwa mtu aliyepumzika. Leo naulegeza kwa ajili ya mashindano. Dakika kumi tu. Utapanda Kashura ukiimba."

Akasukuma karatasi mezani. Cheti. Jina langu, namba yangu, muhuri wa Kituo, *anaruhusiwa umbali kamili*. Kilikuwa karibu na vidole vyangu kiasi kwamba nilikigusa. Niseme nini zaidi? Nilikitaka. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume.

"Daktari, swali. Mshipa ukifundishwa vibaya, unarudi?"

"Inategemea. Ukibana sana, tunaulegeza. Kama wako."

"Na ukilegea sana?"

Hapo akaacha kutazama kioo. "Ukipanuka kuliko mshipa wa asili ulioshikana nao, haurudi wenyewe. Lazima tuingie tufunge kitambaa kuzunguka mshono. La sivyo unaanza kuvuja kwa nyuma. Mgonjwa anahisi mgongo tu, halafu siku moja hahisi tena kitu. Kwa nini unauliza?"

"Kwa nini hamkutuambia mkanda unafundisha?"

"Imeandikwa kwenye fomu mliyosaini."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Thelathini na moja. Hatupendi kuisema sana. Watu wakijua, wataanza kuuchezea."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio humohumo, kitu kibaya cha kukoroma. Nikafungua blauzi mbele yake, nikavua mkanda, nikauweka juu ya cheti.

"Huu ni wangu leo tu," nikasema. "Miezi sita umevaliwa na Ma Kokugonza. Wake nimeuvaa mimi. Ana mgongo unaomuuma, Daktari. Jana alikuwa juu ya ngazi."

Sijawahi kuona mtu mnene akisimama haraka namna ile. Alikuwa mlangoni anaita gari la wagonjwa kabla sijafunga vifungo. Aliporudi alichukua cheti, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye droo, wala hakunitazama. "Utafungiwa mashindano miaka miwili," akasema. "Wewe na yeye mtaandika maelezo. Kaa hapo nje."

Mimi nina miaka arobaini na minne. Nikaenda chooni, nikafungua bomba lipige kelele, nikalia mpaka koo likauma. Nililia mashindano, sitadanganya. Kwa nusu saa ile sikumlilia mtu yeyote.

*

Walimleta Ma Kokugonza saa saba mchana na gauni lake la kitenge, nywele zimeshasukwa kwa ajili ya Jumapili. Picha ilipotoka, Daktari Mwesiga alituonyesha wote wawili. Nyuma ya mshono wa chini palikuwa na kivuli kidogo, si kikubwa kuliko punje ya harage. Damu. Alisema ni ya siku tatu au nne, na kwamba kucheza jubilei kungemaliza kazi. Ma angeingia chumba cha upasuaji saa hiyohiyo.

Nilimsogelea pale kwenye kitanda cha magurudumu.

"Shikamoo Ma."

Ma Kokugonza hajawahi kuninyima marahaba hata siku nilizomchosha. Leo alitazama dari tu. Nikasimama pale kama mtoto aliyeharibu kitu, nesi anamfunga mipira ya dripu, mimi sina pa kuweka mikono.

"Nilikuambia usiseme," akasema mwishowe.

"Uliniambia."

"Sasa unajiona umeniokoa."

"Sijioni hivyo."

"Unajiona. Uso wako umeanza kuwa kama wa sista." Akageuza kichwa, akanitazama kwa yale macho ya ualimu. "Nikuulize. Kama ule mshipa wako usingekuwa unakubana. Kama ungekuwa unapanda mlima wako vizuri, miguu ina moto, umeshika cheti. Halafu unakuja kwangu Alhamisi unanikuta najishika kiuno. Ungefukua?"

"Nisingejua, Ma."

"Sikuuliza kama ungejua. Nimeuliza kama ungefukua."

Nesi akamaliza, akasimama na mikono kwenye kitanda akisubiri. Nilijaribu kujiona siku hiyo: nimetoka mlimani, mwili unaimba, siku kumi na saba zimebaki, bibi wa watu anasema ni mgongo tu. Nilimshuku mume wangu kwa wiki mbili bila ushahidi. Nilimshuku daktari kwa namna anavyotazama kioo. Mgongo wa Ma Kokugonza nisingeushuku hata kwa dakika moja, maana usingekuwa umeniwekea kizuizi chochote.

"Hapana," nikasema. "Ningekuambia upake dawa ya kuchua. Ningechukua mkanda nikaondoka."

Kitu fulani kikalegea usoni mwake.

"Haya," akasema. "Sasa nakuamini."

Akainua mikono, akafungua hereni zake za dhahabu moja moja, zile za jubilei, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole juu yake.

"Usizipoteze. Na mwambie mdogo wangu nyama asikaange mapema, anisubiri."

Nesi akasukuma kitanda. Nikatembea nao ubavuni hadi kwenye mlango ambao wagonjwa tu ndio wanaopita, kisha nikatafuta kiti cha kusubiria, nikakaa.